Mkeka wa Chamwino: Rais aliyerithi Baraza la mtangulizi wake

Jumatano ya tarehe 31 Machi 2021, Ikulu ya Chamwino, Rais Samia Suluhu Hassan alimwapisha Makamu wake, Dkt. Philip Mpango, kisha akatangaza mkeka wake wa kwanza wa mawaziri. Alikuwa ametimiza siku kumi na mbili madarakani. Mjini Dodoma, kuanzia maofisi ya Mtumba hadi vijiwe vya Nyerere Square, swali lilikuwa moja: nani katupwa nje?

Hakuna. Ukipitia orodha ile jina kwa jina, huoni waziri kamili hata mmoja wa mtangulizi wake, hayati John Magufuli, aliyeachwa bila wizara. Kuna waliohama, kuna waliobadilishana viti, kuna wachache walioingia wapya, na Dkt. Mpango alikuwa amekwisha panda juu. Magazeti ya kesho yake yaliita panga pangua, na kweli ilikuwa hivyo, lakini aliyekuwa anasubiri vichwa vidondoke alirudi nyumbani mikono mitupu. Vichwa vilikuja kudondoka baadaye: vitatu Septemba 2021, vinne Januari 2022.

Mimi naona ujanja wa kisa hiki uko kwenye ule mfuatano. Rais aliyerithi Baraza zima la mtu mwingine alianza kwa kugusa viti, akawaacha watu. Watu aliwagusa alipokwisha kuwa na chama mkononi. Na pale alipougusa mkeka kwa hasira, Januari 2022, ndipo alipolipa gharama ambayo hakuwa na sababu ya kulipa.

Tuanze na kapu la majina lenyewe, maana wengi hudhani Rais wa Tanzania huteua kutoka hewani. Kwenye karatasi mamlaka yake ni makubwa mno. Ibara ya 36 ya Katiba inampa uwezo wa kuanzisha na kufuta ofisi, kwa hiyo akitaka wizara mbili ziwe moja, zinakuwa moja. Ibara ya 55 inamtaka ateue mawaziri baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na hakuna kamati ya Bunge inayowahoji wala kura inayowathibitisha. Lakini ibara hiyohiyo inaweka uzio: waziri lazima awe mbunge. Hapo ndipo penye ugumu kwa rais wa kurithi. Wabunge wa mwaka 2021 walitoka kwenye uchaguzi wa Oktoba 2020, na mchujo wa wagombea wa CCM ulifanyika mwenyekiti akiwa Magufuli. Samia alikuwa mgombea mwenza katika uchaguzi ule. Hakuwa yeye aliyeshika kalamu kwenye vikao vya uteuzi.

Kwa hiyo hata angetaka kubadilisha Baraza lote asubuhi moja, angeokota kutoka kwenye kapu lilelile. Mlango pekee wa pembeni ni ibara ya 66, inayompa Rais nafasi za kuteua wabunge wasiozidi kumi, na wanawake wasipungue watano kati yao. Nafasi hizo nazo hazikuwa tupu zote. Magufuli alikwisha zitumia baadhi: Dkt. Dorothy Gwajima aliingia Baraza kwa mlango huo, Dkt. Leonard Chamuriho vilevile, na Humphrey Polepole akaingia Bungeni bila wizara. Mbunge wa kuteuliwa haondolewi kama anavyoondolewa waziri, kwa kutenguliwa jioni na taarifa ya Ikulu. Akishaapa, kiti ni chake. Kila nafasi iliyobaki ilikuwa na thamani ya noti ya mwisho mfukoni.

Kuna na Muungano. Rais akitoka upande mmoja, Makamu atoke upande wa pili. Rais akiwa Mzanzibari, majina yote ya Wazanzibari yaliyokuwa yakitajwa na wapiga ramli hayakuwa na maana tangu saa ya kwanza. Na ibara ya 37 inasema Rais anayeshika nafasi baada ya kifo hushauriana na chama chake, hupendekeza jina la Makamu, kisha Bunge huthibitisha kwa kura zisizopungua asilimia hamsini ya wabunge wote. Tafsiri yake ya kisiasa ni hii: uteuzi wake wa kwanza mkubwa ulihitaji kibali cha watu wengine.

Tarehe 30 Machi jina likasomwa Bungeni Dodoma na Spika Job Ndugai. Mpango akapata kura zote 363.

Mwezi mmoja nyuma, tarehe 23 Februari, Mpango alikuwa amesimama mbele ya waandishi nje ya Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma, akikohoa na kuhema, kukanusha uvumi kwamba amefariki. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Wengi tulimwona kama mtu anayehitaji mapumziko. Kumbe ndiye aliyefaa kuliko wote, na sababu zake ukizipanga zinaleta mantiki. Ni wa Bara, kutoka Buhigwe, Kigoma. Alishika Fedha tangu Desemba 2015, kwa hiyo kwa wafuasi wa Magufuli alikuwa ushahidi kwamba njia haijabadilika. Hakuwa na kundi lake ndani ya chama, na hakuwa kwenye orodha ya waliochukua fomu za urais mwaka 2015.

Halafu kuna faida ambayo haikusemwa sana. Kumpandisha Mpango kulifungua mlango wa Hazina. Makamu wa Rais ni msaidizi mkuu, hufuatilia mambo ya Muungano na kazi anazopewa na Rais. Heshima ni kubwa, lakini kalamu ya kugawa fedha hana. Kwa hatua moja, mtu aliyekuwa ameshika fungu kwa zaidi ya miaka mitano alitoka pale kwa kupanda cheo, na asingekuwepo mtu wa kulalamika kwamba kashushwa. Sijui kama kuna namna safi zaidi ya kuhamisha waziri wa fedha. Jimbo la Buhigwe likabaki wazi, uchaguzi mdogo ukafanyika Mei 16, na watu wakasahau.

Sasa turudi kwenye mkeka wa Machi 31. Fedha akapewa Dkt. Mwigulu Nchemba, aliyekuwa Katiba na Sheria. Mambo ya Nje yakatoka kwa Profesa Palamagamba Kabudi, akarudishwa Katiba na Sheria, wizara aliyowahi kuishika mwaka 2017 hadi 2019. Nje akaingia Balozi Liberata Mulamula, aliyeteuliwa kwanza kuwa mbunge ili aweze kuwa waziri. Ummy Mwalimu na Selemani Jafo wakabadilishana: Ummy TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, Jafo Muungano na Mazingira. Geoffrey Mwambe na Profesa Kitila Mkumbo nao wakapishana kati ya Viwanda na Uwekezaji. Utumishi akapewa Mohamed Mchengerwa, na Kapteni George Mkuchika aliyekuwa pale akapelekwa Kazi Maalum, Ofisi ya Rais.

Lakini badiliko zito kuliko yote halikuwa la waziri. Dkt. Bashiru Ally alikuwa Katibu Mkuu wa CCM, kisha tarehe 26 Februari Magufuli akamfanya Katibu Mkuu Kiongozi, baada ya kifo cha Balozi John Kijazi. Alikaa kwenye kiti kile kwa mwezi na siku chache. Tarehe 31 Machi aliteuliwa kuwa mbunge, na nafasi yake akapewa Balozi Hussein Katanga, aliyekuwa akiiwakilisha nchi Japani. Mtu asiyejua serikali atasema ni karani mkuu tu kabadilishwa. Katibu Mkuu Kiongozi ndiye anayesimamia shughuli za Baraza la Mawaziri: ajenda hupita kwake, majalada hupita kwake, makatibu wakuu wanamtazama yeye. Rais anaweza kuishi na waziri asiyemchagua. Kuishi na Katibu Mkuu Kiongozi asiyemchagua ni shughuli nyingine kabisa.

Na ona alivyomtoa. Noti moja kati ya zile za ibara ya 66 aliitumia kumpa Bashiru kiti Bungeni. Wapo waliosema ni kupoteza nafasi. Mimi nasema ilikuwa bei ya amani. Bashiru alikuwa mtendaji mkuu wa chama mpaka majuzi, na Rais mwenyewe alikuwa bado hajawa mwenyekiti. Kumwacha mtu kama huyo mtaani, siku tano baada ya mazishi ya Magufuli kule Chato, kungekuwa kumkaribisha kila mwenye kinyongo amfuate nyumbani kwake.

Kwa hiyo hesabu ya Machi ilikuwa viti vitatu: fedha, majalada ya Ikulu, na mlango wa kutokea nje ya nchi. Vingine vilikuwa vumbi la kusindikiza. Tarehe 6 Aprili, akiwaapisha makatibu wakuu, Rais alizungumzia kamati ya kitaalamu ya kuangalia UVIKO-19, vyombo vya habari vilivyofungiwa, na kodi za kuwaumiza wafanyabiashara. Ukizilinganisha hoja hizo na viti alivyobadilisha, unaona kwamba alihama sera bila kuhama watu. Kwa hali ya wakati ule, hiyo ndiyo njia niliyoiona ya busara, ingawa wakosoaji walioitaka nchi igeuke kwa wiki moja walimwona anasitasita.

Waziri Mkuu Kassim Majaliwa hakuguswa, na hilo nalo lina hesabu yake. Jina jipya la Waziri Mkuu lingerudi Bungeni kwa kura, na nani alitaka mazungumzo mawili ya namna hiyo ndani ya mwezi mmoja?

Tarehe 30 Aprili, Mkutano Mkuu maalumu wa CCM hapahapa Dodoma ulimchagua kuwa mwenyekiti kwa kura zote 1,862. Daniel Chongolo akawa Katibu Mkuu, Shaka Hamdu Shaka akachukua Itikadi na Uenezi alikokuwa Polepole. Tangu siku hiyo mbunge yeyote wa CCM aliyefikiri kukaidi alijua kwamba anayeteua mawaziri ndiye atakayekaa mezani kupitisha majina ya wagombea wa 2025.

Hata hivyo hakuharakisha. Miezi ilipita. Mwigulu akasoma bajeti Juni, tozo za miamala ya simu zikaanza Julai, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, na nchi nzima ikapiga kelele. Sehemu kubwa ya mishale ilimfikia waziri wa fedha kabla ya kufika Ikulu. Tozo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Waziri akabaki. Ukitaka kujua nani anaaminika katika Baraza, tazama nani anabebeshwa lawama na bado anaamka na gari la serikali.

Jumapili ya Septemba 12 mkeka wa pili ukatoka. Kulikuwa na pengo la lazima: Waziri wa Ulinzi, Elias Kwandikwa, alifariki Agosti. Ulinzi akapewa Dkt. Stergomena Tax, aliyekuwa Katibu Mtendaji wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mwanamke wa kwanza kushika wizara hiyo nchini. Naye aliingia kwa mlango wa ubunge wa kuteuliwa. Safari hii watatu walitoka kabisa: Dkt. Medard Kalemani wa Nishati, Dkt. Faustine Ndugulile wa Mawasiliano, na Dkt. Chamuriho wa Ujenzi na Uchukuzi. Wakaingia January Makamba, Dkt. Ashatu Kijaji na Profesa Makame Mbarawa.

Hapo ndipo mtu wa kijiweni alipokaa sawa. Kalemani alikuwa mbunge wa Chato, nyumbani kwa Magufuli. Makamba aliondolewa na Magufuli Julai 2019. Kumtoa mbunge wa Chato na kumweka Makamba kwenye wizara yenye mradi wa Bwawa la Julius Nyerere, mradi ambao Magufuli aliupigania kuliko yote, ni ujumbe ambao hauhitaji mkalimani. Katika hafla ya kuwaapisha, Rais alieleza kwamba miezi ile ya kwanza aliitumia kuwasoma wasaidizi wake, na kwamba wasimtegemee kufoka kwa sauti. Kufoka kwake kungekuwa kwa kalamu.

Kama kisa kingeishia hapo ningekiita somo la upole wenye meno. Hakikuishia hapo.

Tarehe 28 Desemba 2021, Spika Ndugai, mbunge wa Kongwa, akiwa kwenye mkutano hapa Dodoma, alihoji mikopo ya serikali na kusema ipo siku nchi itapigwa mnada. Wakati ule serikali ilikuwa inatekeleza miradi ya shilingi trilioni 1.3 kutokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Spika ni kiongozi wa mhimili, lakini pia ni mwanachama wa CCM, na jumuiya za chama zikamshukia. Januari 3 akaomba radhi hadharani. Januari 4 Rais akajibu. Alisema yanayosemwa yanasukumwa na homa ya 2025, na akadokeza kwamba orodha mpya ya mawaziri iko njiani, kwamba wenye mbio hizo atawapa nafasi wakazifanye nje. Januari 6 Ndugai akajiuzulu. Januari 8 mkeka ukatoka.

Walioachwa walikuwa Profesa Kabudi, William Lukuvi, Profesa Kitila Mkumbo na Geoffrey Mwambe. Nape Nnauye, aliyefukuzwa uwaziri na Magufuli Machi 2017, akarudi Habari. Hussein Bashe akapanda kutoka naibu kuwa waziri wa Kilimo. Angelina Mabula akarithi Ardhi aliyokuwa naibu wake. Uwekezaji, Viwanda na Biashara vikaunganishwa chini ya Kijaji.

Tazama hilo la mwisho kwa utulivu. Kitila na Mwambe walikuwa wamepishana viti Machi, na viti vyenyewe viwili vilipofanywa kimoja, wote wawili walibaki wamesimama. Hiyo inaweza kabisa kuwa hesabu ya muundo, bila uhusiano wowote na 2025. Lukuvi alikuwa Ardhi tangu Januari 2015, enzi za Kikwete. Miaka saba wizara moja ni mingi kwa waziri yeyote. Kila jina lina maelezo yake ya kawaida ukilichukua peke yake.

Lakini nani angelichukua peke yake? Rais alikwisha sema siku nne nyuma kwamba wenye homa ya 2025 wataondoka. Kwa hiyo mtu yeyote ambaye jina lake halikuwemo Januari 8 alihukumiwa na mtaa kabla hajafika nyumbani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosifu mkeka ule kama pigo la bingwa. Pigo kwa nani? Ndugai alikuwa amekwisha ondoka kwa barua yake. Waliolipa ni watu ambao hakuna aliyewataja kwa lolote.

Na dalili kwamba Ikulu yenyewe iliona tatizo ilikuja haraka. Tarehe 10 Januari, kwenye kiapo Chamwino, Rais alitumia muda kuwaelezea Lukuvi na Kabudi. Aliwaita kaka zake, akasema hajawatupa, ana kazi nao karibu na ofisi yake, akapoza na uvumi uliokuwa umemweka Lukuvi kwenye kinyang'anyiro cha uspika. Kwa Kabudi maelezo yalieleweka: ndiye aliyeongoza mazungumzo na Barrick yaliyozaa kampuni ya Twiga mwaka 2019, na serikali ilikuwa bado na mazungumzo ya namna hiyo. Kitila na Mwambe hawakupata maelezo ya uzito ule. Rais hawajibiki kueleza kwa nini amemwacha mtu, Katiba haimlazimishi, na kwa kawaida ni vizuri asieleze. Akianza kueleza kwa wawili, ukimya kwa wengine unageuka kuwa kauli.

Uspika wenyewe ulimwendea Dkt. Tulia Ackson, Februari 1, kwa kura zote 376. Ukihesabu na kura za Mpango na za uenyekiti, hiyo ilikuwa kura ya tatu ya asilimia mia ndani ya mwaka mmoja. Polepole naye Machi 2022 akateuliwa balozi, Malawi, na nafasi moja ya ibara ya 66 ikarudi kapuni.

Baada ya hapo mikeka iliendelea kutoka mara kwa mara. Mulamula aliachwa Oktoba 2022. Kitila alirudi mwaka 2023, safari hii Mipango na Uwekezaji. Julai 2024 walioondolewa walikuwa Makamba na Nape, walewale waliorudishwa kwa mikeka ya 2021 na 2022, na mwezi uliofuata Lukuvi na Kabudi wakaapa tena, Kabudi akiingia Katiba na Sheria kwa mara ya tatu.